Sauti Iliyofanyiwa Matanga

Sehemu ya Kumi na Moja

"HUYO ni Dorkasi! Simamisheni hapo! Huyo ni Dorkasi, mwanafunzi wangu!"

Hapo ndipo tulipoachana, msomaji, na najua wapo walioninunia wiki nzima. Turudi ukumbini haraka, maana watu wameshaanza kusukumana.

Mwalimu Yoramu alikuwa bado amesimama katikati ya Ukumbi wa Sanaa wa Makole, fimbo yake nyeupe ameielekeza kwenye shuka kubwa lililotundikwa ukutani, kule picha ilikokuwa ikionekana. Macho yake hayakuona kitu tangu azaliwe. Lakini masikio yake yalikuwa yamefundisha kwaya ya kanisa Buigiri kwa miaka ishirini na mitano, na hapakuwa na mtu Dodoma nzima wa kubishana nayo.

Jukwaani, kando ya shuka, Edina alikuwa ameganda na kipaza sauti mkononi.

Dorkasi alikuwa dada yake, wa tumbo moja. Dorkasi alifia Ujerumani mwaka themanini na sita, alikopelekwa kusoma. Matanga yalikaliwa. Edina, akiwa na miaka kumi na minne, alinyolewa nywele kwa ajili yake.

Na sasa marehemu alikuwa anaimba. Tena kwa Kigogo.

"Keti chini, mzee, tunaona sinema!" sauti ilitoka nyuma.

"Mwacheni aseme!"

"Mustapha, zima!"

"Mustapha, usizime!"

Mustapha, mfanyabiashara wa Kondoa mwenye deki na projekta, hakujua amsikilize nani. Akabonyeza kitufe cha kusimamisha. Picha ikaganda, ikawa inatetemeka kama mtu mwenye homa.

Hii ilikuwa Jumamosi ya tatu ya opera. Kituo kimoja cha utamaduni kutoka Dar kilikuwa kinaleta kanda za opera mpya za Kijerumani, siyo zile za wafalme na malkia, bali za watu wa leo na shida zao. Jumamosi ya kwanza walikuja watu kumi na wawili, na watatu kati yao walikuwa wamepotea njia wakitafuta kibanda cha video za karate. Edina ndiye aliyegeuza mambo. Siku za kazi alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya serikali. Jumamosi alisimama kando ya picha na kuyageuza yale maneno kuwa Kiswahili, siyo neno kwa neno, bali kama jirani anayekupa habari za nyumba ya pili. Watu wakaambiana. Leo karani wa Bunge alikuwa amebanana na muuza mchicha kwenye benchi moja.

Opera ya leo ilihusu wanawake wanaofagia stesheni ya treni katika jiji kubwa, ambao siku moja wanakataa kurudi nyumbani. Waimbaji wote walikuwa wamepakwa chaki nyeupe usoni, hata usingejua nani ni nani. Edina alikuwa ametafsiri saa nzima bila kukwama. Halafu mfagizi mmoja akatua ufagio, akatazama juu, akaacha Kijerumani.

"Rudisha nyuma," Edina alisema. "Mustapha, rudisha pale alipoweka ufagio."

"Hapana!"

Aliyesema hivyo alikuwa amekaa mstari wa mbele, suti ya kijivu, miguu imekunjwa. Batholomeo. Afisa wa wizara, mwanachama wa kamati ya ukumbi, na mchumba wa Edina. Harusi ilikuwa imebaki wiki sita. Tena ndiye aliyesoma na Dorkasi kule Leipzig, na ndiye aliyelileta sanduku lake la nguo na vitabu nyumbani pamoja na picha ya kaburi.

Alisimama, akatabasamu kwa watu wote. "Ndugu zangu, samahanini. Mwalimu wetu amechoka na safari. Wanawake wengi wanaimba. Tuendelee na opera yetu, umeme wenyewe mnajua unakatwa saa kumi."

"Mimi sijachoka," alisema Mwalimu Yoramu. "Nilikuja kwa lifti, nimekaa kiti cha mbele. Huyo mtu anavuta pumzi kabla ya neno la mwisho, mahali ambapo nilimgombeza miaka mitatu asivute. Rudisha, kijana."

Mustapha alimwangalia Edina. Edina alitikisa kichwa kukubali. Kanda ikarudi nyuma ikilia.

Hata waliokuwa wanamenya karanga wakaacha.

Mwanamke wa chaki akatua ufagio. Akaimba.

Ulikuwa wimbo wa kusagia mtama. Edina aliujua kabla ya mstari wa kwanza kuisha. Mama yao alikuwa akiuimba jiweni, alfajiri, huko Hombolo, wakati wao wamelala kwenye ngozi moja. Lakini nyimbo za kusaga zinajulikana na wengi, alijiambia. Mgogo yeyote anaweza kuimba. Alijiambia hivyo mara mbili.

Halafu mwimbaji akataja jina. Nyemo, aliimba. Nyemo, usilale, maji yanachemka.

Nyemo! Hilo lilikuwa jina la Edina la nyumbani. Halikuwa katika wimbo wa mtu mwingine yeyote. Mama alilichomeka mwenyewe, ili kumwamsha mtoto mvivu.

Kipaza sauti kilimtoka Edina mkononi, kikagonga sakafu kwa mlio uliowafanya watu wazibe masikio.

"Peleka mbele!" alipiga kelele. "Mustapha, peleka mwisho! Nataka majina! Mwishoni huwa wanaandika majina ya waimbaji na mwaka!"

Kanda ikaanza kukimbia. Wafagizi wakawa wanarukaruka ukutani kama siafu. Saa ya ukutani ilisema saa tisa na nusu. Muda upo, Edina aliwaza. Nusu saa nzima ipo.

Giza.

Shuka likawa jeupe, feni zikasimama. Watu wakaguna wote kwa pamoja, lile guno la Dodoma nzima mwaka ule, maji yalipokuwa yamepungua kwenye bwawa la Mtera na umeme ukawa wa zamu.

"Wamewahi leo," mama mmoja alisema, akianza kukusanya vyombo vyake.

"Subirini!" Mustapha alinyoosha kidole juu. "Sikilizeni!"

Nje, upande wa pili wa barabara, mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma vilevile.

"Ile mashine iko laini moja na sisi," Mustapha alisema. "Umeme upo, dada Edina. Mtu amezima swichi kubwa!"

Edina aliangalia mstari wa mbele. Kiti cha Batholomeo kilikuwa kitupu.

Alikimbia. Alipita mlango wa pembeni, akaingia kwenye kijikorido chenye boksi la swichi, na hapo alimkuta mchumba wake, mkono bado uko juu.

"Batho."

"Edina, nisikilize. Nimefanya hivi kwa ajili yako."

"Yuko hai?"

"Mpenzi, watu watatusikia..."

"Nimekuuliza, yuko hai?"

Batholomeo alishusha mkono. Alitoa leso akajifuta shingo. "Mwaka themanini na sita alikuwa hai," alisema. "Baada ya hapo sijui."

Edina alijikuta ameegemea ukuta. "Na kaburi? Ile picha ya kaburi ambayo mama ameiweka kwenye Biblia?"

"Kaburi la mtu mwingine."

"Ulitudanganya!"

"Sikuwadanganya wote."

"Unasema nini?"

Batholomeo alimwangalia usoni kwa mara ya kwanza. "Hukuwa na haja ya kuniuliza mimi. Kamwulize mama yako."

Msomaji, kofi ungelisikia kutoka barabarani. Edina alimpiga, halafu akashangaa mkono wake mwenyewe. Alipogeuka, Mwalimu Yoramu alikuwa mlangoni, na nyuma yake Mustapha, kanda ameishika kifuani kwa mikono miwili.

"Nimeitoa kwenye deki," Mustapha alisema. "Nimeona leo mambo hayaeleweki. Lakini inarudi Dar kesho asubuhi, dada. Na saa kumi ndiyo hiyo, umeme unaondoka kweli."

"Una jenereta?"

"Ninayo. Na petroli ipo."

"Na gari?"

"Pikapu ipo nje."

"Pakia kila kitu. Tunakwenda Chang'ombe, kwa mama."

"Na mimi nakuja," alisema Batholomeo.

Alipanda gari lake mwenyewe, akafuata vumbi la pikapu.

Mama yake Edina, Tabu, alikuwa uani anapepeta ulezi. Zamani majirani walimwita Mama Dorkasi. Baada ya matanga wakabadilisha, akawa Mama Edina. Zamani zile pia alikuwa kiongozi wa ngoma za wanawake kule Hombolo, mwenye sauti ya kuita kijiji kizima. Tangu msiba hakuimba tena. Hata kanisani alisimama mdomo umefungwa, na watu walimwelewa.

Aliona pikapu, jenereta, Mustapha, mwalimu kipofu, kisha gari la mkwewe mtarajiwa. Akatua ungo.

"Shikamoo, mama," Edina alisema.

"Marahaba. Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Ndiyo shida yenyewe. Dorkasi hakufa."

Mama hakupiga ukunga. Hakuanguka. Alitazama nyuma ya bega la Edina, akamtazama Batholomeo, na katika kutazamana huko Edina aliona kitu kilichomtia baridi mchana ule wa jua.

"Ulijua," Edina alisema. "Mama! Ulijua!"

"Ingia ndani, tuzungumze."

"Siingii! Nilinyolewa! Nililala nje siku saba nikimlilia, ukawa unanifunika kwa khanga, na ulijua?"

Mama alikaa kwenye kigoda taratibu, kama mtu anayeshuka kutoka juu ya punda.

"Dadako aliandika barua," alisema. "Ikaja na huyu Batholomeo mkononi, Juni ile. Kwamba ameacha masomo ya serikali, amevukia upande wa pili wa mpaka, Ujerumani ya Magharibi, anakwenda kuimba. Kwamba asisubiriwe. Baba yako alikuwa mwenyekiti wa kijiji, na watu wenye mafaili walishaanza kuja kuuliza binti yenu yuko wapi. Kila wiki. Huyu kijana akasema, mzee, mkisema amekufa, maswali yataisha. Nitaleta picha ya kaburi. Baba yako akakubali."

"Na wewe?"

"Na mimi nikakaa matanga ya mtoto aliye hai, Edina. Unajua ilivyo? Kila mtu aliyeingia kunipa pole nilitamani kumwambia atoke." Alijifuta pua kwa ncha ya khanga. "Ulikuwa na miaka kumi na minne. Ungesema shuleni. Baadaye ukakua, nikawa sijui nianzie wapi. Ukaanza kujisomea Kijerumani kwenye vitabu vya sanduku lake, ukaenda kwa masista wakufundishe zaidi, na kila nilipokusikia unasema maneno yale chumbani, nilitoka nje."

"Na ukakubali huyu anioe."

Mama aliinamisha kichwa. "Alipokuja kukuposa, niliogopa kumkatalia. Alikuwa ameshika siri yetu."

Batholomeo alikuwa ameletewa kiti kwa mazoea ya heshima, na Edina akamwona amekikalia kama mgeni rasmi, leso gotini. Edina alivua pete ya uchumba. Hakumrushia. Aliiweka kwenye ungo, juu ya ulezi, mahali ambapo kila mtu angeiona.

"Dada Edina," Mustapha alisema kwa upole, "tuwashe?"

"Washa," alisema mama kabla Edina hajajibu. "Nataka kumsikia."

Jenereta ilikohoa mara tatu, ikashika. Walitundika shuka la kitanda kwenye chumba cha mbele, wakafunga dirisha kwa blanketi kuzuia jua la jioni. Upepo wa vumbi ulikuwa unapiga bati. Majirani walianza kusimama nje ya ua, wanauliza kuna harusi au kuna msiba.

Mwanamke wa chaki akatua ufagio.

Edina hakutazama picha. Alimtazama mama yake. Sauti ilipoanza, vidole vya mama vilishika kigoda. Jina la Nyemo lilipotajwa, aliangua kicheko kifupi, kicheko kabisa, halafu akaziba mdomo kwa kiganja.

"Ameharibu mstari wa tatu," alisema.

"Hajaharibu, ameupandisha," alisema Mwalimu Yoramu. "Wewe uliushusha. Wake ni mzuri zaidi, utanisamehe."

"Alikuwa mbishi tangu mdogo."

Na hapo, msomaji, mwanamke ambaye hakuimba kwa miaka tisa alifungua kinywa. Haikuwa sauti ile ya kuita kijiji. Ilikuwa imekwaruza, imepasuka katikati. Lakini Dorkasi alipouliza kwenye kanda, mama alijibu chumbani, na alipomaliza mama, Dorkasi akapokea, kana kwamba wameketi jiwe moja. Mustapha aligeukia ukuta. Edina alilia bila kujificha, hasira na furaha zikimsukuma huku na huku, asijue amkumbatie mama yake au atoke aondoke zake.

Wimbo uliisha. Opera ikaendelea mpaka ikafika mwisho. Majina yakaanza kupanda kutoka chini.

"Soma," alisema mama. "Soma yote."

Edina alisogea karibu na shuka. Majina ya wapiga vinanda. Majina ya washona nguo. Mwaka: 1994.

"Mwaka jana tu, mama! Mwaka jana alikuwa mzima!"

"Ashukuriwe Mungu. Endelea."

"Hapa kuna waimbaji... Mfagizi wa nne... Dorkasi Chilongani." Aliligusa jina lile kwenye shuka. "Hakubadili jina, mama. Ni jina la baba."

Batholomeo alisimama. "Imetosha," alisema. "Mmeshapata mlichotaka. Mustapha, zima jenereta, unamaliza petroli bure."

"Petroli ni yangu," alisema Mustapha.

Mistari miwili ilikuwa imebaki, maandishi madogo ya mlazo. Edina alisoma kimya. Akasoma tena.

"Imeandikwaje?" mama aliuliza.

Kwa Jumamosi tatu Edina alikuwa ametafsiri vifo, mapenzi na usaliti bila kusita. Mstari huu ulimshinda. Angeweza kudanganya, hapakuwa na mwingine chumbani aliyejua Kijerumani, isipokuwa Batholomeo. Na huyo alikuwa anamtazama kwa macho ya kumsihi adanganye.

"Edina. Mimi siyo mtoto. Imeandikwaje?"

"Imeandikwa... wimbo wa mfagizi umetolewa na mwimbaji mwenyewe. Kwa kumkumbuka mama yake, Tabu." "Aliyefariki Dodoma, Novemba 1986."

Projekta ilibaki inawaka, shuka jeupe, tupu.

"Ina maana," mama alisema polepole, "mwanangu amekaa huko akinililia mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Miaka yote hii?"

"Ndiyo."

Mama aliinuka. Alijifunga khanga kiunoni, akatembea mpaka mbele ya Batholomeo, na ingawa alimfikia kifuani tu, Batholomeo alirudi nyuma hatua moja.

"Baba," alimwita kwa upole wa kutisha, "nani alimwambia nimekufa?"

"Mama, siyo mimi. Mzee mwenyewe. Alinituma nimwandikie, ili asije akashawishika kurudi, maswali yakaanza upya. Mimi nilikuwa mwandishi tu."

"Lini?"

"Novemba hiyohiyo. Nilitoka Dar, nikaja Hombolo, akaniita pembeni, akaniambia kwa mdomo wake."

Edina alimtazama mama, na mama akamtazama Edina. Batholomeo aliona walivyotazamana. Hakuelewa.

"Hukuja kututembelea sana baada ya matanga," mama alisema. "Ulikuwa na kazi zako Dar. Kwa hiyo hukujua, na sisi hatukupenda kusimulia. Septemba ile mume wangu alipata kiharusi. Kilimkamata ulimi. Tangu Septemba mpaka siku tunamzika, miaka mitano, hakumtamkia mtu yeyote hata neno moja."

Batholomeo alirudi nyuma hatua nyingine.

Mustapha, bila kuambiwa na mtu, alitoka nje. Walisikia komeo la geti likisukumwa.

Batholomeo aliangalia mlango, akamwangalia mwalimu, akaiangalia pete iliyokuwa juu ya ulezi, ungo umewekwa kizingitini. Kisha akakaa, na safari hii hakukaa kama mgeni rasmi.

"Haya," alisema. "Nitawaambia kwa nini. Lakini Edina atoke kwanza."

Mama alivuta kigoda, akakiweka mbele ya mlango, akakikalia.

"Edina hatoki," alisema. "Anza."